Uji wa lishe wa vitu 11 na mtoto bado haongezeki kilo, nimsikilize wifi au mama mkwe?

Kuna dada wa Morogoro kaniandikia swali refu, nalifupisha. Mtoto wake wa kiume ana mwaka na miezi mitatu, ana kilo 8 na kidogo, bado ananyonya, na anapewa uji wa lishe asubuhi na jioni. Unga una vitu 11 ndani: mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, njugu mawe na dagaa. Anakoroga vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji, anaweka sukari, mtoto anamaliza kikombe vizuri tu. Lakini kwenye kadi ya kliniki mstari umelala mwezi wa tatu sasa. Wifi yake anayekaa Nairobi kamwambia aachane na uji ampe Weetabix au cornflakes, mana wa kwake anapewa hivyo na amenenepa. Mama mkwe yeye kashikilia uji wa kimea tu, yani unga wa nafaka iliyooteshwa. Anauliza amfuate nani.

Dada yangu, pole kwanza, najua ile hali ya kukaa benchi la kliniki unaangalia kadi za wenzako mistari inapanda afu yako imelala kama kamba ya kuanikia nguo. Na kabla sijasema lolote nataka ujue hujakosea kwa uvivu, mtu anayetafuta vitu 11 sokoni, akapeta, akakausha, akapeleka mashine, huyo anampenda mwanae. Ila tatizo liko sehemu ambayo hujaiangalia kabisa, na karibu kina mama wote ninaokutana nao kwenye kazi hii hawaiangalii, kwasababu wote tunahangaika na nini kimo kwenye unga na hakuna anayeuliza unga wenyewe uko kiasi gani kwenye sufuria. Uji wako ni maji.

Tupige hesabu pamoja, sio ngumu. Vijiko viwili vya unga vilivyojaa mlima ni kama gramu 30. Gramu 30 za unga, uwe wa kitu kimoja au wa vitu 11, zinabeba kilokalori 110 hivi. Hizo 110 umezitawanya kwenye nusu lita, mtoto anakunywa kikombe cha robo lita, kwaiyo anapata nusu yake, 55. Weka na sukari yako sema imefika 80. Mara mbili kwa siku ni 160. Sasa mtoto wa umri huo ambaye bado ananyonya anatakiwa kupata kama kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na ziwa la mama. Na tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama robo lita kwa mlo, likijaa limejaa, halijui kama limejaa chakula au limejaa maji. Ndo maana unamuona anamaliza kikombe, anacheua, anakataa ugali, unasema ameshiba. Ameshiba kweli. Ila hajala.

Na najua kwanini unaweka vijiko viwili. Ukiweka vinne uji unakuwa mzito, unashika mwiko, mtoto anautema, ndo unaongeza maji. Hiyo ndo tabia ya wanga, ukiupasha moto kwenye maji unavimba na kuvuta maji yote, unga kidogo tu unakamata sufuria nzima. Kwaiyo kila mama duniani anayepika uji wa nafaka anakutana na mtego huohuo, uji laini unaonyweka hauna nguvu, uji wenye nguvu haunyweki.

Sasa hapo ndo namleta mama mkwe wako, na naomba umsikilize kwa makini mana mama yule anajua kitu.

Mimi nimekulia Ruvuma, na kwetu nyumba isiyo na togwa, ule uji wa kimea uliochachuka kidogo, ni nyumba yenye msiba au yenye ugomvi. Bibi alikuwa anapika uji wa mahindi mzito kabisa, mzito wa kusimamisha mwiko, anauepua unapoa kidogo, afu anachukua unga wa kimea cha ulezi kiganja kimoja, anautia na kukoroga. Tulikuwa watoto tunakaa kuangalia, mana ilikuwa kama kiini macho, ule uji mzito unalegea mbele ya macho yako, dakika chache tu unamiminika kama maziwa. Na hajaongeza tone la maji. Baadae unawekwa kwenye mtungi, kesho yake umeanza kuchacha, una utamu wa peke yake na uchachu kwa mbali, tunakunywa wote mpaka watoto wadogo.

Kinachotokea pale ni kwamba mbegu ikilowekwa ikaanza kuota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja ule wanga ili mche mchanga upate chakula. Ukikausha hiyo mbegu na kuisaga, vimeng'enya vimo humohumo kwenye unga vinasubiri. Ukivitia kwenye uji wa moto wa wastani vinaanza kazi, vinakata ile minyororo mirefu ya wanga iliyokuwa imeshika maji, uji unalegea na utamu unatokea bila sukari. Unga ni uleule, nguvu ni ileile, kilichobadilika ni kwamba sasa mtoto anaweza kuunywa. Na hili sio hadithi za bibi peke yake, Mosha na Svanberg waliandika utafiti mwaka 1983 kuhusu kutumia unga wa nafaka iliyooteshwa kutengeneza uji wa watoto wenye nguvu nyingi, kazi iliyofanyika hapahapa Tanzania, na dunia ya lishe ikaanza kuuita unga wa nguvu. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg wakaandika tena kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa waliharisha kidogo kuliko waliopewa uji wa kawaida. Inaniuma sana kwamba kitu kilichothibitishwa kwetu, kwa ulezi wetu, leo hii mama kijana anakionea aibu anaona cha kizamani.

Afu sio sisi peke yetu. Uganda kule Ankole na Kigezi wana obushera wa mtama au ulezi uliooteshwa. Wakikuyu wana ucuru waliouchachusha, Waluo nyuka yao wanatia ndimu au ukwaju, na ukichunguza hizo ndimu na ukwaju zina maana, ulezi na mtama vina madini ya chuma lakini yamefungwa, na vitamini C inasaidia mwili kuyachukua. Kuotesha na kuchachusha navyo vinafungua. Watu wa pwani wana uji wao wa pilipili manga, wenye tui la nazi, mwezi wa Ramadhani futari haijakamilika bila huo na mzazi aliyetoka kujifungua ndo chakula chake, na lile tui ni mafuta, yani mpishi wa Tanga au Unguja anaweka nguvu kwenye uji wake bila kuongeza unga. Rwanda wanakunywa igikoma, yani uji, wa Sosoma, na jina lenyewe ni soya, mtama na mahindi, vitu vitatu. Vitatu dada, sio 11.

Tuje kwenye hiyo 11 sasa. Sijui nani alituingizia hii imani kwamba unga wa lishe ukiwa na vitu vingi ndo unakuwa na lishe, nimeona mpaka unga wa vitu 20 umeandikwa kwenye mfuko kama sifa. Mahindi, mchele, ngano na mtama vyote ni wanga, ukichanganya vinne hupati mara nne, unapata wanga uleule. Tena kila kimoja kinaiva kwa muda wake. Karanga, ufuta na mbegu za maboga zina mafuta mengi, ukishazisaga pamoja na unga na kuweka kwenye ndoo mwezi mzima yale mafuta yanaharibika, unga unaanza uchungu, mtoto anaukataa na wewe unaongeza sukari. Dagaa wanaleta harufu na bado wamesagwa na mchanga wao. Soya mbichi ndo mbaya zaidi, ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini, kwaiyo mtu anaweka soya mtoto apate protini na inamzuia kupata hata ile ya kwenye kunde nyingine. Soya lazima uichemshe kwanza nusu saa kwenye maji yanayotokota, umwage maji, utoe maganda, ukaushe, ndo ukaange kidogo na kusaga.

Na kuna jambo ambalo sitalipitia haraka kwasababu linaua. Mahindi na karanga zilizovunda zinabeba sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kwetu 2016 Dodoma na Manyara tulipoteza watu 20. Hizo ni zile zinazoua kwa mara moja, lakini kidogokidogo kila siku kwenye kikombe cha uji inahusishwa na watoto kudumaa. Haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Na unga wa kununua wa vitu vingi huwezi kujua karanga zilizoingia zilikuwaje, mana zikishasagwa zote zinafanana. Kwaiyo nunua nafaka nzima, chambua kwa mkono kwenye ungo, karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, usimpe hata kuku.

Sasa wifi yako wa Nairobi. Simpingi, na usigombane nae, mana mtoto wake kweli anaongezeka na kuna sababu. Weetabix mbili zina kilokalori kama 136, ni ngano nzima, sukari yake ipo chini ya gramu 5 kwa kila gramu 100, na wameongezea madini ya chuma. Afu hailiwi na maji, inaliwa na maziwa. Weka maziwa zaidi kidogo ya nusu kikombe, mililita 150, umeongeza kama 95. Bakuli moja limefika 230, karibu mara tatu ya kikombe chako cha uji. Kwaiyo wifi anaona sanduku ndo limemnenepesha mtoto, mimi naona maziwa, na naona bakuli ambalo halijajazwa maji. Ukichukua hayohayo maziwa ukayatia kwenye uji unapata matokeo yaleyale kwa hela ndogo.

Cornflakes ni kitu kingine. Hizo zilianzia Marekani, kwenye hospitali ya kina Kellogg pale Battle Creek, Michigan, mwaka 1894 ndugu wawili walipata ile namna ya kuvingirisha ngano iliyopikwa ikawa vipande vyembamba, baadae mahindi, na mwaka 1906 mdogo mtu akaanzisha kampuni. Wagonjwa wa pale walikuwa watu wazima waliolishwa chakula chepesi ili tumbo lipumzike. Mtoto wako hahitaji kupumzisha tumbo, anahitaji kilo. Cornflakes ni mahindi yaliyokobolewa yenye hewa nyingi, bakuli linaonekana limejaa lakini ukilipima ni gramu 30. Na zile za chokoleti na rangirangi za watoto, geuza sanduku usome sehemu ya sukari kwa gramu 100, kuna zinazofika robo na kupita, hizo ziache dukani hapohapo. Kama hela ipo na unataka Weetabix mara mojamoja siku una haraka, sawa, mpe na maziwa. Lakini usije ukafuta uji ukidhani umepanda daraja.

Haya, nikwambie utakavyofanya kuanzia wiki hii.

Kimea muombe mama mkwe akufundishe, lakini kama yuko mbali njia ni hii. Chukua ulezi nusu kilo, safi, uoshe mpaka maji yawe meupe utoe mchanga (ulezi una mchanga sana), loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji, utandaze kwenye gunia safi au kitambaa cha pamba, funika, nyunyiza maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona mikia midogo myeupe. Hapo anika juani mpaka ukauke kabisa, ukiuma ulie kaa, sugua utoe hiyo mikia, peta, saga. Ukisikia harufu ya uvundo au ukiona ukungu wa kijani au mweusi mwaga yote uanze upya, usionee huruma nusu kilo. Na nakushauri ulezi kuliko mtama kwasababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, wazee walikuwa wanajua kuyatoa, wewe ndo kwanza unajifunza.

Unga wa uji punguza ubaki na vitu viwili au vitatu, mimi ningekwambia mahindi na ulezi, na soya iliyochemshwa kama nilivyosema, nafaka vikombe vinne kwa soya kimoja. Ulezi usiutoe, una kalsiamu ambayo mahindi hayaifikii hata kwa mbali. Karanga kaanga, saga au twanga kidogo za siku tatu nne, weka kwenye kopo lenye kifuniko, utakuwa unatia kwenye uji wakati wa kupika. Dagaa mpe kwenye mchuzi wa ugali, watamfaa zaidi kuliko kwenye uji.

Kupika sasa. Nusu lita ileile, lakini nusu maji nusu maziwa, na unga vijiko vitano badala ya viwili. Koroga unga kwanza na maji ya baridi usifanye mabonge. Utakuwa mzito, usiogope, upike uive vizuri dakika 15 hivi unakoroga usiungue chini, tia kijiko cha karanga. Epua. Subiri upoe mpaka uwe wa moto lakini hautokoti wala kutoa mvuke mwingi, mana ukitia kimea kwenye uji unaochemka unaviua vile vimeng'enya na utakaa hapo unasubiri uji ulegee haulegei, wengi wanashindwa hapo wanasema kimea ni uongo. Tia kijiko kimoja cha kimea, koroga, acha dakika 10. Ukishalegea rudisha jikoni uchemke tena dakika tatu nne, hii usiiruke, kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku tatu, una vijidudu. Mwisho kwenye kikombe chake tia kijiko cha chai cha mafuta ya kula au siagi, hicho peke yake kina kilokalori 40. Sukari hutahitaji, ukionja utaona. Ukitaka ladha kamulia ndimu siku usiyoweka maziwa.

Kikombe hicho sasa kina zaidi ya kilokalori 200, na ni kikombe kilekile, tumbo lilelile. Mpe kwa kikombe na kijiko, chupa ya chuchu achana nayo, haiosheki ikaisha uchafu na ukitumia chupa utarudi kulainisha uji tena upite kwenye tundu.

Lakini uji sio chakula cha siku nzima. Umri huo anakula mara tatu mpaka nne, na kitu cha katikati kama ndizi, parachichi au nusu yai, na ugali au wali laini na maharage na mchicha uliotiwa mafuta. Ziwa endelea mpaka miaka miwili, ila mpe chakula kwanza afu ndo ziwa mchana, usiku ni lenu wawili. Na chai, hata ya maziwa, usimpe pamoja na chakula, inazuia ile chuma ambayo umehangaika kuitafuta.

Na usisubiri uji ufanye kazi ya hospitali. Mstari umelala miezi mitatu, hiyo ni ya kuonwa. Nenda kliniki wiki hii, waombe wampime damu, wamuangalie kama ana maambukizi, waulizie dawa ya minyoo na matone ya vitamini A kama yamepita miezi sita hajapewa, na waombe wampime mkono kwa ile tepu ya rangi. Chini ya sentimita 12.5 wanatakiwa kumuanzishia huduma, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali na hapo uji wa nyumbani hautoshi, anahitaji chakula dawa. Ukiona miguu imevimba, ukibonyeza panabaki shimo, au amelegea hataki hata ziwa, usisubiri wiki, nenda leoleo. Kama daktari atakuta kuna ugonjwa, uji mzuri utamsaidia kupona haraka ila hautautibu.

Mpe mwezi mzima na uji mpya, mpime kwenye mzani uleule wa kliniki yako, usihame mzani, na niandikie kilo ya sasa na ya mwezi ujao nizione. Kimea usisage kingi kwa mara moja, hiyo nusu kilo itakutosha mwezi ukiifunga vizuri sehemu kavu, na kama mama mkwe atakuja na chake cha nyumbani kipokee, ila kinuse kwanza.